Mwaliko wa Kasrini

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari mitatu tu. Ghulamabbas aliiandika kwa mkono wake, kwenye meza ya jikoni, kwa penseli kwanza, kisha akapitisha wino juu yake. Ijumaa, baada ya swala, katibu wa msikiti akaisoma kwenye kipaza sauti kama ilivyo: Ghulamabbas na mkewe Naseem wanaialika jamaat nzima ya msikiti kwenye karamu ya harusi ya binti yao Masoomah, si Jumapili hii, ile ya pili yake, saa kumi na moja jioni, Casa Loma, lile kasri la Toronto. Wakubwa na watoto.

Mtu wa Tanga angekwambia hapo hapana kosa. Katika jamaat ya Tanga hakuna aliyempelekea kadi mtu wa msikiti wake. Kadi ilikuwa ya mtu wa nje: mkuu wa wilaya, meneja wa benki, daktari aliyemtibu mama. Ukimpelekea kadi mtu unayeswali naye safu moja, umemwambia kwamba ulikaa ukafikiri kama umwite au usimwite. Baba yake Ghulamabbas aliozesha mabinti watano kwa karatasi ya mistari mitatu, sufuria zikapikiwa uani, watu wakala wakashiba wakafungiwa na ya kwenda nayo.

Lakini karamu hii haikuwa ya Ghulamabbas. Ilikuwa ya Anverali wa Markham, baba wa bwana harusi Ameer, mwenye maduka matatu ya taa na nyaya za umeme, na Anverali alikuwa amelipia sahani mia na themanini. Upande wa bibi harusi walipewa arobaini. Ghulamabbas aliambiwa hivyo tangu mwezi wa sita, akaitikia kwa kichwa. Alidhani arobaini ni wale wa kuja kwa ndege, ndugu wa Naseem na wake zao. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba jamaat nayo huhesabiwa.

Jumatatu simu ikalia.

"Ghulamabbas bhai, umefanya nini?"

"Salaam aleikum, Anver bhai."

"Wa aleikum salaam. Umefanya nini? Watu wananipongeza dukani, watu nisiowajua! Mmoja kaniuliza kama pale kasrini pana mahali pa kuegesha basi."

"Basi la nini?"

"Wazee wenu wa Scarborough wanataka kukodi basi! Nami nikicheka nikidhani ni mzaha."

Ghulamabbas alikuwa amesimama na soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Alikaa kitandani.

"Jumatano njoo kule kule kasrini," Anverali alisema, sauti imeshuka sasa, sauti ya mtu aliyechoka. "Yule mama wa shughuli anataka hesabu ya mwisho. Uje uone kwa macho yako, ndipo utaelewa tunazungumza nini. Mlangoni taja jina langu tu."

*

Kasri lile limekaa juu ya kilima, na ukitoka stesheni ya treni ya chini unapanda ngazi mia na kumi. Naseem alizihesabu. Kila alipofika mahali pa kupumzikia alishika chuma kwa mikono miwili na kusema, "Nendeni, nakuja," na Ghulamabbas na binti yake wakajifanya wanatazama majani mekundu ya miti.

Ghulamabbas alikuwa ameomba siku hiyo kazini bila malipo. Alikuwa na miaka sitini na minne, na kazi yake ilikuwa kuhesabu maboksi ya mabomba ya bafuni katika ghala moja la Downsview, siku nzima kwa miguu juu ya saruji. Viatu alivyovaa leo vilikuwa vya Idi, na vilimbana.

Juu, minara ikatokea kwa ghafla, ya mawe, na paa jekundu.

"Kama boma la mkoloni," Naseem alisema, akihema. "Nani alikuwa akipigana na nani hapa?"

"Hakuna aliyepigana, Mama. Ni mtu tu alitaka nyumba," Masoomah alijibu kwa Kiingereza. Aliletwa nchi hii akiwa na miaka mitatu. Kiswahili alikielewa chote, na Kikachi, lugha ya mababu zake, nusu, lakini ulimi wake ulijibu kwa Kiingereza, na wazazi wake walishaacha kuliona hilo.

Kwenye dirisha la tiketi Ghulamabbas akataja jina la Anverali. Binti wa ndani akatafuta kwenye kompyuta, akaomba atajiwe herufi moja moja, akatafuta tena.

"Samahani, bwana. Kwa leo sina jina hilo."

Nyuma yao watalii walikuwa wameanza kujipanga. Anverali alipigiwa simu, simu ikaita mpaka ikakatika. Tiketi zilikuwa zaidi ya dola arobaini kwa kichwa. Masoomah akafungua pochi.

"Rudisha," Ghulamabbas alisema.

"Baba, niache nilipe mimi."

"Rudisha, nimesema." Akalipa, akaikunja risiti mara nne na kuitia mfuko wa ndani, kama vile iko siku ataionyesha mahali.

*

Ukumbi wa kuingilia ulikuwa mrefu kwenda juu hivi kwamba Naseem alipoinua kichwa mtandio ukamwanguka. Aliuokota, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona kiti cha mbao nyeusi kilichochongwa, akaenda akakalia.

Mwanamke mmoja mweusi aliyevaa sare, mnene, wa makamo, akaja mbio ndogo huku amenyoosha mkono. Alisema kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba hapo hapakaliwi.

"Mungu wangu, magoti yangu," Naseem alinong'ona kwa Kiswahili, akijiinua. "Hata kiti kimenikataa."

Yule mwanamke akasimama kama aliyeitwa jina. "Mama! Unaongea Kiswahili?"

"Niongee nini tena?"

"Kiti hiki ni cha kutazamwa, mama, si cha kukaliwa. Ngoja." Akaenda nyuma ya pazia akarudi na kiti chake mwenyewe cha plastiki, akakiweka karibu na dirisha. "Hiki ndicho cha kukalia. Mimi Goretti. Nyinyi Wahindi wa wapi?"

"Wahindi wa Tanga," Ghulamabbas alisema. "Na wewe?"

"Bukoba."

"Mhaya! Ndiyo maana ukachagua kazi ya kasrini."

Goretti akacheka mpaka mtalii mmoja akageuka. "Mzee, ningekuwa na langu nisingelinda la mwenzangu. Mmekuja kutembea?"

"Tunaozesha hapa. Huyu." Naseem akamwonyesha Masoomah kwa kidevu.

"Hongera, mwanangu! Basi tembeeni niwaambie mnaozeshea nyumbani kwa nani."

Akawaambia kwa namna yake, huku akiangalia pande zote kama bosi wake anapita. Kwamba zamani, zaidi ya miaka mia sasa, palikuwa na tajiri mmoja wa hisa, mtu wa mwanzo mwanzo kuleta umeme katika mji huu, waliyemwita Sir. Kwamba alitaka kasri kama yale aliyoyaona Ulaya, akawaweka mafundi kama mia tatu, wakajenga karibu miaka mitatu. Vyumba tisini na nane.

"Alikuwa na watoto wangapi?" Naseem aliuliza.

"Mmoja. Naye alikwisha kuwa mtu mzima."

"Vyumba tisini na nane, mtoto mmoja?"

"Na farasi, mama. Usiwasahau farasi."

Masoomah alikuwa ameondoka kidogo. Alisimama chini ya madirisha ya chumba cha maua, chenye kuba la vioo vya rangi, na mwanga ukamwangukia begani, kijani na njano. Hakujua kama anatazamwa. Ghulamabbas alimwona akiinua mkono wake na kuugeuza geuza kwenye ile rangi kama mtoto anayecheza na maji ya bomba.

"Akafaidi?" Ghulamabbas alimuuliza Goretti.

"Nani? Yule bwana? Miaka haikutimia kumi. Chini kuna bwawa la kuogelea, mpaka leo halijaisha. Mji ukampandishia kodi, benki aliyoitegemea ikafa, vitu vyake vikapigwa mnada humu humu, viti, mazulia, vyote. Na mkewe akafariki. Akatoka."

"Akaenda wapi?"

"Shambani kwanza. Huko nako mambo yakamshinda. Mwisho kabisa, mzee, alikwenda kukaa nyumbani kwa mtu aliyekuwa dereva wake. Huko ndiko alikofia."

Kiatu cha kulia kilikuwa kikimchoma Ghulamabbas, lakini alisahau kukitikisa.

"Kwa dereva wake?"

"Kwa dereva wake."

"Enzi zile za karamu, huyo dereva alikuwa akiitwa kula humu?"

Goretti akamtazama vizuri sasa. "Hilo sikulisoma popote, mzee. Najua dereva na watu wa farasi mahali pao ni kule ng'ambo, kwenye mabanda. Kuna njia ya chini ya ardhi inakwenda huko. Nenda ukaone, mama nitakaa naye mimi."

*

Njia ile ilikuwa ndefu, ya baridi, na mabomba yamepita ukutani. Ghulamabbas aliiendea polepole, mkono mmoja ukutani, akimfikiria Taki.

Taki alikuwa mtu wa Moshi, mjane, mwenye gari la kupelekea vifurushi. Walipofika Toronto, Ghulamabbas na Naseem na mtoto, walilala miezi minne katika chumba cha chini cha nyumba ya Taki, na siku ya kuhama Taki akakataa hata mfuko wa mchele. Tangu bahati ilipomshusha Ghulamabbas kwenye lile ghala, Taki ndiye aliyempitia kila alfajiri na kumfikisha Downsview, miaka kumi na mmoja. "Ni njia yangu hiyo hiyo," husema. Haikuwa njia yake. Ghulamabbas alikuja kulijua hilo mwaka wa tatu, na hakusema kitu, kwa sababu angesema nini?

Katika wale arobaini, Taki hakuwamo. Kaka zake Naseem walikuwa watano, na wake zao, na watoto wao wenye wake. Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa la mkwe wa mtu ambaye Ghulamabbas hakuwahi kumwona. Na yeye alitia sahihi bila wasiwasi, maana Taki ni jamaat, na jamaat wataalikwa msikitini. Ijumaa ile baada ya tangazo Taki alimshika bega na kusema, "Nimeipeleka suti kwa dobi."

Mabanda ya farasi yalikuwa mazuri kuliko nyumba yoyote ambayo Ghulamabbas aliwahi kuipanga. Mbao za kifahari, chuma kilichong'arishwa, na juu ya kila nafasi ya farasi jina lake kwa herufi za dhahabu. Alisimama mbele ya la kwanza akalisoma kwa sauti ndogo. Akaenda la pili. Akayasoma yote mpaka mwisho wa safu, akiwa amekunja mikono nyuma, kama mtu anayetafuta jina kwenye orodha ya waliofaulu.

*

Aliporudi juu, Anverali alikuwa amefika. Koti limefunguka, miwani imepanda kwenye paji la uso, simu mbili mkononi. Pembeni yake mama wa shughuli, Mzungu mwembamba mwenye tabasamu la kazini, alishika kompyuta ya mkononi yenye mchoro wa meza.

"Samahani, Ghulamabbas bhai, barabara ilijaa. Mlilipa? Msingelipa! Ningekuja ningezungumza nao." Hakungoja jibu. "Tazama. Meza kumi na nane, watu kumi kumi. Ukumbi unaweza kuchukua wengine, sikatai. Mfuko wangu ndio hauwezi. Sasa hiyo jamaat yako niiweke wapi? Kwenye mnara?"

"Nilifanya kama tulivyozoea."

"Tulizoea wapi? Hapa si Tanga, bhai. Tanga ulipika mwenyewe. Hapa hata chai wanahesabu vikombe." Akavuta pumzi. "Unadhani mimi sikukata watu? Nimemkata dada yangu wa Mombasa. Dada yangu, wa tumbo moja. Hasemi nami tangu mwezi wa nane."

Hilo Ghulamabbas hakulijua. Alimtazama, akaona kwamba macho ya Anverali nayo yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala vizuri.

"Ijumaa katibu asome tangazo jingine," Anverali aliendelea. "Aseme kulikuwa na makosa ya uchapaji."

"Hapakuwa na uchapaji. Niliandika kwa mkono."

"Basi aseme chochote! Aseme ni wenye kadi tu."

"Wenye kadi," Naseem alisema kutoka kwenye kiti cha plastiki, na akageuza uso dirishani.

Mama wa shughuli, ambaye hakuelewa neno, akadhani wanazungumza juu ya meza. Akaikuza picha kwa vidole viwili akamwonyesha Ghulamabbas meza ya kwanza, iliyo mbele kabisa. Kila kiti kilikuwa na jina. Kimoja kiliandikwa Ghulamabbas.

"Hiki chako," Anverali alisema. "Meza kuu, karibu na mimi. Kitakuwa na kikadi chenye jina, na ua."

"Kwetu baba wa bibi harusi hakai, Anver bhai. Anazungukia watu. Anakula mwisho, jikoni, na wapishi."

"Utakaa. Huku wanakaa. Nimekwisha kukulipia."

Goretti, aliyekuwa karibu na mlango, akaanza kunyoosha kamba ambayo haikuwa imepinda.

"Chini kule," Ghulamabbas alisema taratibu, "hata farasi wana nafasi zenye majina. Nimeyasoma yote." Anverali alimngoja aendelee, kisha akatazama simu yake.

Masoomah akamvuta baba yake pembeni, mpaka kwenye kile chumba cha vioo. Alimsemesha kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjika vunjika, alichokitoa kwa nadra.

"Baba. Wewe hutaki hapa? Sema. Mimi naweza ambia Ameer tufanye msikitini."

"Wewe unapataka?"

Masoomah angeweza kudanganya, na alikuwa na moyo wa kufanya hivyo. Lakini aliinua macho kidogo tu, kwenye lile kuba, na baba yake akaona.

"Napataka," alisema.

"Basi imekwisha." Akamgusa kichwani. "Mimi ndiye niliyesema, mimi nitasema tena. Katibu hatasoma kitu."

*

Ijumaa, baada ya swala, watu walipoanza kutafuta viatu, Ghulamabbas alisimama mbele na kukishika kipaza sauti mwenyewe. Hakuwa amezoea. Alikiweka karibu mno na kikapiga kelele.

"Jamaat, Ijumaa iliyopita niliwaalika kwenye harusi ya binti yangu. Karamu si yangu. Niliwaalika kwenye chakula cha mtu mwingine bila kumuuliza. Kosa ni langu, si la bwana Anverali, si la katibu. Mwaliko ule nauondoa. Nawaomba radhi." Akafikiri kama kuna jambo jingine. "Mwombeeni mwanangu."

Mtoto mmoja akakohoa. Kisha Naqi, mzee wa safu ya mbele ambaye kila mahali lazima aseme neno, akaita, "Na amana ya basi je, tumeshalipa!" Watu wakacheka. Walicheka kwa wema, kumsaidia, na kicheko kile kikamuuma kuliko kama wangemzomea. Wengine walikuja kumpa mkono. Wengine waliinama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Gari la Taki lilikuwa nje, injini inawaka, kama kila Ijumaa. Ghulamabbas aliingia akafunga mlango.

"Mkanda," Taki alisema.

Wakapita taa ya kwanza, wakapita duka la nyama, wakapita taa ya pili. Joto la gari lilikuwa limeelekezwa upande wa Ghulamabbas, miguuni, ambako Taki anajua kunamsumbua.

"Jumapili niwachukue saa ngapi?" Taki aliuliza.

"Taki. Umenisikia nilichosema mle ndani."

"Nimekusikia. Nilikuwa safu ya tatu. Naulizia usafiri. Naseem bai na goti lake, na bibi harusi na nguo zile, mtafikaje? Kwa basi na treni? Mpande zile ngazi zote mlizonihadithia?" Alikuwa akitazama barabara tu. "Nitawashusha juu, mlangoni kabisa, halafu nitawangoja garini. Nina mto na redio."

Ghulamabbas aligeuza kichwa. Nyuma, kwenye ndoana, suti ya kijivu ilikuwa inaning'inia ndani ya plastiki ya dobi. Haikuwa imefunuliwa. Karatasi ya dobi bado ilikuwa imebanwa kwenye kola.

"Uivae hiyo," alisema.

"Ya kungojea garini?"

"Meza ya kwanza kuna kiti kimeandikwa Ghulamabbas. Kina ua. Ukikalie."

"Usianze wazimu."

"Sina wazimu."

"Na wewe ukae wapi?"

"Mimi baba wa bibi harusi. Tangu lini baba wa bibi harusi akakaa? Nitazungukia watu. Nitakula jikoni, wapishi wakimaliza."

"Anverali atasemaje?"

"Anverali amelipia sahani mia na themanini. Zitaliwa mia na themanini."

Walikuwa wamesimama kwenye taa ya tatu. Taki alishika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbele, na taya yake ilikuwa ikitafuna kitu ambacho hakikuwamo mdomoni. Taa ikawa kijani. Gari halikuondoka. Wa nyuma yao akapiga honi mara moja, akapiga tena.

"Saa tisa," Ghulamabbas alisema. "Usichelewe."